X-Ray Spex

X-Ray Spex ilikuwa bendi ya vijana ya muziki wa panki kutoka London, Uingereza. Ilidumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1979.

Historia

Mwanzilishi na mwimbaji wake alikuwa Poly Styrene (jina halisi Marianne Joan Elliott-Said, 1957–2011), binti wa baba Msomali na mama Mwingereza. Tarehe 3 Julai 1976, siku alipotimiza miaka 19, alitazama onyesho la Sex Pistols huko Hastings, kisha akatoa tangazo gazetini kutafuta wanamuziki vijana wenzake. Mpiga saksafoni wa kwanza, Lora Logic, alikuwa bado kigoli wa umri wa shule.

Muziki

Saksafoni iliitofautisha na bendi nyingi za panki zilizotegemea gitaa. Wimbo wa kwanza, "Oh Bondage Up Yours!" (1977), ulipinga utumwa wa kila aina. "Identity" ulihusu kujitambua, suala lililomgusa Poly akiwa chotara. Mwezi Aprili 1978 bendi ilipiga katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi, Victoria Park. Albamu yake, Germfree Adolescents, ilitoka mwaka huohuo.

Kuvunjika

Poly alijitoa mwaka 1979 baada ya ziara kumchosha na afya ya akili kuyumba.