Kompyuta ya mtumba: namna ya kuipima kwa zana zilizomo ndani yake

Wetherill Park ni kitongoji cha magharibi ya jiji la Sydney, nchini Australia, katika halmashauri ya Fairfield. Sehemu yake kubwa ni viwanda na maghala, na eneo hilo, pamoja na jirani yake Smithfield, huhesabiwa miongoni mwa maeneo makubwa ya viwanda nchini humo. Palipo na maghala pana ofisi, na palipo na ofisi pana kompyuta zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache.

Badiliko moja limeongeza wingi wa mashine hizo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa programu endeshi ya Windows 10. Programu iliyofuata, Windows 11, haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, hata kama ni nzima kabisa. Nyingine hupelekwa kwa warejelezaji chini ya mpango wa kitaifa uliotokana na sheria ya Australia ya mwaka 2011. Nyingine huuzwa kwa bei ya chini mno.

Miongoni mwa wakazi wa magharibi ya Sydney wamo watu waliotoka Kenya, Burundi, Kongo ya mashariki na nchi nyingine za ukanda huo. Kwa mtu mwenye ndugu wanaosoma Mwanza au Bukavu, kompyuta ya bei ya chini ni kishawishi kikubwa. Lakini mashine inayowaka dukani kwa dakika tano si lazima iwe nzima, na gharama ya kuisafirisha haitofautishi nzima na mbovu.

Liko pia suala la sheria. Australia, Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama wa Mkataba wa Basel unaosimamia usafirishaji wa taka za sumu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zinahitaji kibali cha nchi inayopokea kabla ya kuvushwa mpaka. Miongozo ya mkataba huo inatofautisha taka na kifaa cha kutumika tena kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, kama kifaa kimepimwa na kuthibitika kuwa kinafanya kazi. Kwa hiyo mwenye kujaza kontena la kompyuta asizozipima huenda anasafirisha taka bila ya kujua.

Habari njema ni kwamba upimaji huo hauhitaji kununua chochote.

Sauti za mwanzo

Kompyuta hujipima yenyewe kila inapowashwa, tabia iliyozoeleka tangu IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981. Kabla ya picha yoyote kutokea, mashine hukagua prosesa, kumbukumbu ya RAM na kibodi. Ikikosa kitu hulia au humweka taa, na idadi ya milio ina maana yake. Maana hiyo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo fundi huhesabu milio kwanza, kisha hutafuta kitabu cha mashine husika.

Saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapowashwa si ugonjwa mkubwa. Mara nyingi ni betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu iliyokwisha nguvu, na bei yake ni ndogo.

Kinachoonekana na kinachofichwa

Katika Windows, zana inayojulikana zaidi ni Task Manager, iliyokuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996 na ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Wengi huitumia kufunga programu iliyoganda, na hapo huishia. Upande wake wa utendaji, hata hivyo, huonyesha kasi ya prosesa, matumizi ya RAM na shughuli za diski kwa wakati uleule.

Grafu hiyo husaidia sana penye joto. Magharibi ya Sydney upepo wa bahari haufiki vyema. Tarehe 4 Januari 2020 mji wa Penrith, usio mbali na Wetherill Park, ulifikia nyuzi joto 48.9. Kompyuta iliyokaa miaka mitano katika ghala la namna hiyo huwa imemeza vumbi la kutosha kuziba njia za hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo mashine ikipewa kazi nzito, grafu ikaonyesha asilimia 100 huku kasi ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kuwa cha msingi, hapo pana shaka ya feni, vumbi, au ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto ambayo imekauka. Hasara ya namna hii hurekebishika kwa brashi na saa moja ya kazi, na si sababu ya kuikataa mashine.

Device Manager huorodhesha vifaa vyote vilivyomo. Alama ya njano yenye namba 28 humaanisha tu kwamba programu ya kukiendesha kifaa haijawekwa. Namba 43 ni nzito zaidi: kifaa chenyewe kimetoa taarifa kwamba kina hitilafu.

Kisha kuna Event Viewer, daftari la matukio yote ya mashine, na hapa tahadhari inahitajika. Hata kompyuta mpya kabisa huwa na mistari mingi yenye alama nyekundu, na walaghai wa simu waliojifanya mafundi wa Microsoft wameitumia orodha hiyo kwa miaka mingi kuwatisha watu, Australia ikiwa mojawapo ya nchi zilizoathirika. Inayofaa kutafutwa ni michache. Tukio namba 41 la Kernel-Power husema kwamba mashine ilizimika bila ya kuzimwa. Halisemi kwa nini. Katika mji wenye mgawo wa umeme huenda ni umeme tu uliokatika, lakini likijirudia pale ambapo umeme haukatiki, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta huwa mtuhumiwa wa kwanza. Tukio namba 7 la diski husema kwamba sehemu ya diski haisomeki. Matukio ya WHEA-Logger hutoka katika prosesa, RAM au bodi kuu, na yakiwa mengi ni heri kuiacha mashine hiyo dukani.

Asiyependa daftari refu aandike neno "perfmon /rel" katika sehemu ya kutafutia. Hufunguka chati ya siku kwa siku inayoipa mashine alama kati ya 1 na 10, na siku zilizokuwa na ajali huonekana kwa jicho moja. Ni zana bora isiyotangazwa vya kutosha.

Muuzaji mjanja, lakini, huweka Windows upya kabla ya kuuza, na kumbukumbu zote hizo hufutika.

Diski haisahau

Kumbukumbu ambayo haifutiki kwa kuweka Windows upya imo ndani ya diski yenyewe. Utaratibu uitwao SMART huhesabu saa ambazo diski imefanya kazi, joto lake na sehemu zilizoharibika. Katika Windows husomwa kwa kufungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika "Get-PhysicalDisk | Get-StorageReliabilityCounter | fl". Katika majibu, PowerOnHours ni saa za kazi, na Wear ni uchakavu wa diski za SSD. Diski nyingine huacha nafasi hizo tupu. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka bila ya kupumzika.

Je, SMART inaaminika kwa kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski zisizo na kosa. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Dalili mbaya, basi, ni ya kuaminiwa. Ukimya si cheti cha uzima. Tena, mapema mwaka 2025 iligundulika huko Ulaya kwamba diski zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu zake za SMART kurudishwa sifuri.

Diski inayotiliwa shaka na yenye mali ya mtu ndani yake isianze kutengenezwa kwa amri ya "chkdsk /r". Amri hiyo huipitisha diski nzima, kazi ya saa nyingi inayoweza kuimaliza diski dhaifu. Kwanza nakili, kisha pima.

RAM na betri

RAM hupimwa kwa amri ya "mdsched", ambayo huiwasha mashine upya na kuikagua. Kosa likionekana, vipande vya RAM hutolewa na kupimwa kimoja kimoja, maana mara nyingine kasoro ni uchafu kwenye nafasi yake tu.

Kwa kompyuta ya mkononi, amri ya "powercfg /batteryreport" hutoa ukurasa wenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Iliyozaliwa na 50,000 na sasa inajaa 24,000 haifiki nusu.

Mashine isiyo na Windows

Kompyuta nyingi za ofisi huuzwa zikiwa zimefutwa. Hapo hutumika kijiti cha USB chenye Ubuntu, programu endeshi ya bure iliyotoka mwaka 2004 na ambayo jina lake ni ndugu wa neno "utu". Huwaka bila ya kuigusa diski, na programu yake ya Disks huonyesha SMART kwa uwazi kuliko Windows. Kwa Mac za Intel zilizotoka baada ya katikati ya mwaka 2013, kushikilia herufi D wakati wa kuwasha huleta kipimo cha Apple chenyewe. Zenye prosesa ya Apple huwashwa kwa kushikilia kitufe cha umeme hadi machaguo yaonekane, kisha hubonyezwa Command na D.

Umeme wa Australia ni volti 230 kwa hezi 50, hivyo mashine ya huko haihitaji transfoma Afrika Mashariki. Plagi yake, yenye ncha bapa zilizoinama, ndiyo haiingii katika soketi za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, na waya wa kubadilishia ni bora uwekwe ndani ya sanduku kabla halijafungwa.