Megapikseli 14.7 Zilivyokosa Bei

Wenye kamera ndogo za bei kali, hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka 2008 Canon walitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Siku hizo watu walinunua kwa kuhesabu megapikseli, basi G10 ikaonekana ndiyo bingwa. Lakini mwaka huohuo Panasonic walitoa LX3: megapikseli 10 tu, ila lenzi yake ya f/2.0 ilipitisha mwanga karibu maradufu ya ile f/2.8 ya G10. Agosti 2009 Canon wenyewe wakatoa G11 na kurudi kwenye megapikseli 10! Ukiwa ulilipia zile 4.7 za ziada, nani sasa angekurudishia pesa zako?

Kisha Juni 2012 Sony wakaleta RX100, kamera ya kuingia mfukoni. Kihisi chake: milimita 13.2 kwa 8.8. Cha G10 na G11 kilikuwa takriban 7.6 kwa 5.7. Zidisha mwenyewe, eneo ni kama mara 2.7. Canon walijibu mwaka 2014 kwa G7 X.

Cha ajabu, Sony waliendelea kuuza RX100 ya kwanza baada ya kutoa ya pili na ya tatu, bei ikishuka. Mwenye iliyotumika alishindana na mpya ya dukani. (Mimi mnunuzi nilifurahi.)

Lakini mchana, kwa ISO 80, G10 bado inatoa picha safi, na lenzi yake inavuta mara 5. Ya LX3 ni mara 2.5 tu.