Mji mdogo uliofungua masikio ya nchi

Wasikilizaji wangu, sisi tunaokula mkate wa redio husahau upesi kwamba zamani habari ilikuwa na miguu, tena miguu mizito. Juma hili nawaombeni twende kaskazini ya mbali, kisiwani Aisilandi, tukautazame mji wa Seyðisfjörður. Wakazi wake ni mia saba hivi. Mtaa mmoja tu wa mjini kwetu unawashinda.

Mji huo umekaa kwenye ncha ya fiyodi, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kiasi cha kilomita 17, katika bonde lililochongwa na barafu zama za kale. Huku mlima, huku mlima, katikati maji marefu yaliyotulia. Bandari ya namna hiyo haitafutiwi wateja. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Norwe walifuata samaki aina ya heringi, wakaleta na mbao zao, wakajenga nyumba ambazo baadhi zimesimama hadi leo. Mgeni wa siku hizi hukimbilia kupiga picha kanisa la buluu la mwaka 1922.

Mimi ningekwenda kwanza kwenye nyumba ya zamani ya simu. Kabla ya mwaka 1906 Aisilandi haikuwa na waya wa kuiunganisha na dunia. Habari za Ulaya zilingoja meli, na meli ilingoja hali ya hewa. Mwaka huo kampuni moja ya Denmark ililaza waya chini ya bahari kutoka visiwa vya Shetland, kupitia visiwa vya Faroe, ukatokea Seyðisfjörður, kwa kuwa mji uko upande wa mashariki unaoelekea Ulaya. Nguzo zikapandishwa milimani, na ilipofika Septemba habari ilikuwa ikifika Reykjavík, mji mkuu, siku hiyo hiyo.

Si wote waliopiga makofi. Agosti 1905 wakulima zaidi ya 200 walikusanyika Reykjavík kuupinga mkataba huo. Waliona gharama yake ni mzigo, na wapo waliotaka simu ya Marconi isiyo na waya. Nitawachekaje mimi, ambaye mawimbi yasiyo na waya ndiyo yanayonilisha?

Lakini kizuri hakikosi ila. Bandari iliyopendwa na wavuvi ilipendwa pia na wanajeshi. Februari 1944 ndege za Kijerumani ziliipiga meli ya mafuta ya Uingereza, El Grillo. Ikazama humo humo, na miongo mingi baadaye mafuta yake yalikuwa bado yakivuja.

Na ile milima inayokinga upepo ndiyo inayoua. Mwaka 1885 poromoko la theluji lilishuka mjini, likaua watu 24. Desemba 2020, baada ya siku nyingi za mvua kubwa, udongo uliporomoka na kuzoa nyumba kadhaa. Jumba la makumbusho ya ufundi, lililotunza pia historia ya simu, lilipoteza sehemu kubwa ya hazina yake. Lakini hakufa mtu hata mmoja. Baadhi ya nyumba zilikwisha kuhamwa siku chache kabla, na baada ya poromoko kubwa mji mzima uliamriwa kuondoka.

Bahati ilikuwapo, sikatai. Lakini mwaka 1885 watu wale hawakuwa na wa kuwaambia. Mwaka 2020 walikuwa naye. Ndiyo maana nasema habari si pambo la sebuleni. Ukisikia tahadhari ya mvua au ya mafuriko redioni, usikimbilie kubadili stesheni ukitafuta muziki. Sikiliza kwanza, kisha mgongee jirani mlango.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.