Insulini na Mafunzo: Historia Fupi ya Kumfundisha Mgonjwa wa Kisukari Kujihudumia

Makala haya yanafuatilia namna hospitali zilivyoanza kumfundisha mgonjwa wa kisukari kujihudumia. Yanadai kuwa mafunzo hayo hayakuzaliwa kama nyongeza ya tiba. Yalikuwa sehemu ya tiba yenyewe tangu insulini ilipoanza kutumika, ingawa bajeti za afya zimezoea kuyaweka pembeni.

Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa insulini katika Hospitali Kuu ya Toronto, Kanada. Kabla ya hapo tiba kuu ilikuwa njaa: mgonjwa alipunguziwa chakula hadi akabaki mifupa, ili aongezewe muda kidogo wa kuishi. Insulini iliondoa hukumu hiyo, lakini haikuponya. Ilipaswa kudungwa kila siku, na hakuna hospitali iliyoweza kumlaza mtu maisha yake yote. Sindano ikabidi ihame kutoka mkononi mwa daktari hadi mkononi mwa mgonjwa, au mwa mama yake.

Elliott Joslin wa Boston, Marekani, alikwisha kuiona haja ya elimu hiyo. Mwaka 1918 alichapisha mwongozo uliowalenga madaktari na wagonjwa kwa pamoja. Insulini ilipopatikana, wauguzi aliowaandaa waliwafundisha wagonjwa kupima chakula kwa mizani, kuchemsha bomba la kioo, kunoa sindano na kupima mkojo. Kipimo cha mkojo kilidai umakini: matone machache yalichanganywa na myeyusho wa Benedict, yakachemshwa, kisha rangi ikasomwa. Buluu ilimaanisha kuwa sukari haikuonekana. Kijani, njano na hatimaye wekundu wa tofali zilionesha jinsi ilivyozidi. Ujuzi wa maabara ukaingia jikoni. Hata kusoma bomba kulikuwa mtihani, kwa kuwa insulini iliuzwa kwa nguvu tofauti, na aliyechanganya alama aliweza kujidunga dozi maradufu.

Mtu anaweza kudhani kuwa hiyo ilikuwa anasa ya wenye nacho. Lisbon inakanusha dhana hiyo. Mwaka 1926 daktari Ernesto Roma, aliyeishuhudia tiba mpya akiwa Boston, aliasisi huko Ureno chama cha kuwalinda wagonjwa maskini wa kisukari. Chama kiliwapa insulini bure na kuwafundisha kuitumia, kwani dawa bila maarifa ingeweza kuua.

Hata hivyo, kwa miongo mingi mafunzo yalitegemea hiari ya daktari mmoja mmoja. Ushahidi uliowagusa watunga sera ulitoka, kwa mara nyingine, katika hospitali ya umma: mwaka 1972 Leona Miller na Jack Goldstein walieleza jinsi mafunzo na huduma ya simu kwa wagonjwa wa Los Angeles, wengi wao wa kipato cha chini, yalivyopunguza sana siku za kulazwa. Miaka michache baadaye Jean-Philippe Assal alianzisha hospitalini Geneva kitengo kilichounganisha tiba na ufundishaji.

Kwetu Afrika Mashariki, Donald McLarty na wenzake walichapisha mwaka 1990 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,250 wa Dar es Salaam, waliogunduliwa kati ya 1981 na 1987. Miongoni mwa waliohitaji insulini, vifo vingi vilitokana na asidi ya ketoni au maambukizi. Upatikanaji wa dawa ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine ni kile mgonjwa alichoelewa alipoondoka kliniki.

Hapa lugha inaingia. Mafunzo hutolewa kwa Kiswahili, ilhali wakufunzi wenyewe wamesomea udaktari na uuguzi kwa Kiingereza. Neno “sukari” hubeba maana tatu: chakula, kilichomo katika damu, na ugonjwa wenyewe. Anayeambiwa kuwa sukari yake imeshuka anaweza kusikia habari njema, kwamba maradhi yamepungua, kumbe anaonywa ale kitu upesi kabla hajapoteza fahamu.