Bukini wa Milima ya Colorado

Reli ya Rio Grande Southern, katika jimbo la Colorado, Marekani, ilijengwa kwa tamaa ya madini ya fedha. Otto Mears aliianzisha mwaka 1889, na ilipokamilika mwaka 1891 iliunganisha miji ya Ridgway na Durango, mwendo wa maili 162 milimani, ikihudumia Telluride na Rico, penye migodi. Mwaka 1893 serikali iliacha kuinunua fedha hiyo. Bei ikaanguka, migodi mingi ikafungwa, na reli ikafilisika.

Hata hivyo ilijikokota miaka mingi. Ilipofika 1931, garimoshi la mvuke lililobeba abiria wachache na mifuko ya barua lilikuwa hasara tupu. Basi mafundi wake walitwaa bodi za motokaa kuukuu, kama vile Buick na Pierce-Arrow, wakazitia magurudumu ya reli. Hadi mwaka 1936 walikwisha kuunda magari saba ya namna hiyo, na kwa jinsi yalivyoyumba njiani, watu waliyaita bata bukini.

Mkataba wa barua ulikatwa mwaka 1950, na muda si mrefu reli zenyewe ziling'olewa. Lakini bukini sita kati ya wale saba wangalipo: watatu wamo katika jumba la makumbusho la Golden, na mwingine yuko Dolores. Waliowaunda hawakukusudia kuacha ukumbusho. Walitaka barua zifike tu. Utajiri wa fedha uliijenga reli ile, bali jina lake limehifadhiwa na kazi ya dhiki.