Banzi, Msasa na Maranda

Gogo likipandishwa kwenye msumeno wa kiwanda, kipande cha kwanza kudondoka hakihesabiwi kuwa mbao. Ni ubavu wa nje wa mti: upande mmoja bapa, upande wa pili umebaki na mviringo na magome yake. Mafundi wa Tanzania wanakiita banzi. Huko Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill ambako misindano inapasuliwa mwaka mzima, mabanzi hulundikwa pembeni, na mengi yake huishia kuwa kuni, uzio au ukuta wa banda la kuku. Banzi hilohilo likikaushwa, likapakwa vanishi na kutundikwa juu ya kochi mjini, huitwa pambo, na mwenye nyumba huulizwa amelinunua wapi.

Wauzaji wa mapambo haya wanapata shida ya jina. Wengine husema "rustiki", neno ambalo halimwambii mnunuzi lolote. Wengine hujaribu "ya kishamba", na hapo wameharibu biashara, maana kwetu kumwambia mtu kitu chake ni cha kishamba ni kumtukana. Wapo wanaosema "ya kienyeji". Hili lina bahati nzuri zaidi: tangu kuku wa kienyeji ampite bei kuku wa kisasa, neno limepanda cheo. Hata hivyo linaeleza kitu kinakotoka, halielezi kilivyo. Rafu inaweza kuwa ya kienyeji kabisa na bado ikawa imelainishwa mpaka inang'aa.

Maoni yangu ni kwamba mtindo huu wa kuiacha mbao na uso wake wa asili hauhitaji jina la mtindo. Kiswahili cha karakana kimezoea kuita kitu kwa malighafi yake na kwa hatua iliyofikia: kitanda cha kamba, mlango wa mninga, mbao ya randa. Ukisema rafu ya banzi, umeshamwambia fundi anunue nini, asiguse wapi na aishie wapi. Jina ni nusu ya maelekezo.

Chukua hatua za ulaini. Mbao inayotoka kwenye msumeno, yenye mikwaruzo ya meno, ni mbao ghafi. Ikipigwa randa inakuwa mbao ya randa, na yale maganda membamba yanayojikunja chini ya benchi ni maranda, ambayo wafugaji huyachukua kutandika kwenye mabanda ya vifaranga. Sina hakika kama kuna lugha nyingi ambazo takataka ya kifaa inabeba jina la kifaa chenyewe kwa kuongezewa silabi moja tu. Baada ya randa unakuja msasa. Leo tukisikia msasa tunafikiria karatasi yenye chenga, inayouzwa kwa namba: namba 80 inakwangua, 120 inasawazisha, 240 inalainisha. Lakini msasa ni mti kwanza. Ni jamaa ya mtini, wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, na majani yake yana ukali wa kutosha kusugulia mbao na vyombo. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani kwa sababu ilirithi kazi yake. Baadaye tukaanza kupiga msasa miswada, hotuba, hata walimu wanaopelekwa semina. Anayetaka pambo lenye uso wa asili ajue kwamba kwenye hatua hizi tatu yeye anaruka ile ya katikati: anaacha randa, anapitisha msasa namba 80 kidogo ili vibanzi visimchome mtoto mkono, basi. Ukipiga randa uso wote, mikwaruzo ya msumeno inatoweka, na ndiyo uliyokuwa umeilipia.

Nimesema vibanzi. Hapo pana ukoo wa kuangalia: banzi la ubavuni mwa gogo, na kibanzi kinachokuingia kidoleni. Ukoo mwingine, mkubwa zaidi, ni wa ubao. Ubao ni mmoja, mbao ni nyingi. Ndivyo sarufi inavyosema. Sokoni wanasema "mbao moja, mbao kumi" na hakuna anayeshangaa. Ukilikuza unapata bao, la kuchezea kete na la kufunga kwenye mpira. Ukilidogosha unapata kibao, na hapa lugha imejiachia: kibao cha chapati, kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha barabarani, kibao cha mwanamuziki kinachovuma, kibao cha shavuni, na watu kibao waliokuja kushuhudia. Kwa anayeanza useremala wa nyumbani, kazi ya kwanza ni kibao cha mlangoni. Kipande cha banzi chenye urefu wa futi moja na nusu, jina la nyumba au neno "Karibu" likachorwa kwa penseli, likachimbwa taratibu kwa patasi au likachomwa kwa nondo ya moto, matundu mawili juu, kamba ya katani. Keekee ya mkono inatosha. Gome lililolegea uliambue, kwa sababu wadudu wanaobungua mbao hupenda kujificha chini yake. Ukingo wa mawimbi utabaki na ndio wenye uzuri.

Pwani kuna hazina nyingine ya istilahi, na hii ningetamani ifundishwe shuleni. Wakata mikoko hawana neno moja la mti wa kujengea. Wanapanga kwa unene: fito ni nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Kila jina lina kazi yake ndani ya nyumba. Fito na pau zinabeba makuti na udongo wa ukuta. Boriti zinabeba dari. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Boriti zilisafirishwa kwa majahazi hadi nchi za Ghuba, ambako miti mirefu ilikuwa adimu. Mtu anayetaka fimbo ya pazia au ngazi ya kuanikia taulo bafuni, akimwambia muuzaji "nipe mti mwembamba" ataletewa chochote. Akisema "nipe pau mbili na fito nne" wameshaelewana. Aulize pia kama zimekatwa kwa kibali, kwani mikoko inalindwa kisheria.

Majahazi yenyewe yakizeeka yanageuka mapambo. Huko Lamu na Unguja zinauzwa fremu za picha na vioo zilizotengenezwa kwa mbao za vyombo vilivyostaafu, zikiwa na mabaki ya rangi ya buluu na matundu ya misumari. Hapa jina sahihi la kipande lina thamani. Taruma, ule ubavu wa ndani wa chombo, limepinda kwa asili na linafaa kuwa mkono wa rafu bila kukatwa. Mkuku ni mzito na mnene, unafaa benchi. Ubao wa ubavuni uliokuwa ukipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, usiuweke chumbani kabla hujaunusa.

Kuna neno moja geni ambalo halina haja ya kufukuzwa: paleti. Kifaa kilikuja na meli, jina likaja nacho, na vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wameshakigeuza kuwa vitanda, meza na vitalu vya maua. Mimi nauliza jambo moja tu kuhusu paleti, nalo limechapwa ubavuni mwake. Paleti za mizigo ya kimataifa hufuata kanuni iitwayo ISPM 15. Herufi HT zina maana mbao ilipashwa joto, kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Herufi MB zina maana ilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Ya HT ipeleke nyumbani. Ya MB iache ilipo, hata kama unapewa bure. Isiyo na alama, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, nayo usiiingize ndani.

Maneno mengine yamelala tu, yanangoja kazi. Tunasema "henga" wakati chango kipo, kile kigingi cha ukutani cha kutundikia kanzu, na tawi lenye panda lililoambuliwa gome ni chango kizuri kuliko chochote cha plastiki. Hata kwa nafasi iliyoachwa ndani ya ukuta tunasema "shelfu" wakati shubaka lipo, na Lamu bado wanajivunia zidaka, zile safu za vishubaka vya ukutani za kuwekea vyombo vya kauri. Kabla ya kutafuta jina la Kiingereza la pambo lako, muulize kwanza fundi mzee. Mara nyingi analo.

Kwa hiyo ukienda kiwandani Jumamosi, usiulize mbao za mapambo, utauziwa kwa bei ya mapambo. Omba banzi kavu, lenye unene wa inchi moja au zaidi upande wa katikati, na uliangalie kama lina matundu ya wadudu kabla hujalipa.