Pumzi Hamsini kwa Dakika

Mtoto amepakatwa na mama yake, fulana imepandishwa hadi shingoni. Jirani ameinama, macho kwenye mbavu, anahesabu kimoyomoyo mpaka dakika iishe. Mtoto mwenye miezi miwili au zaidi akiwa hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Akishapita mwaka, 40 zatosha. Akilia, inabidi abembelezwe kwanza, kisha hesabu ianze upya, na ndiyo maana kazi ya dakika moja huweza kula robo saa.

Jirani huyo si daktari. Ni umujyanama w'ubuzima, yaani mshauri wa afya, aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake. Katika milima ya Rubavu nchini Rwanda, juu ya mji wa Gisenyi, yeye ndiye hugongewa mlango mtoto anapokohoa usiku. Hesabu yake, hata hivyo, ilianzia mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Goroka, Papua New Guinea, daktari wa watoto Frank Shann alibaini kuwa kasi ya pumzi humtambulisha mtoto mwenye nimonia, hata pasipo eksirei wala stethoskopu. Shirika la Afya Duniani likaichukua hesabu hiyo.

Tiba ya kuhara anayoitoa mshauri huyo nayo ilianzia mbali. Mwaka 1971, kabla ya Shann, Dilip Mahalanabis, naye daktari wa watoto, aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India. Akachanganya maji, chumvi na sukari, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vya kipindupindu vilipungua sana.

Maarifa hayo yalikuwapo tayari Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walipomiminika kupitia Gisenyi kuingia Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa siku chache tu. Kati yao walikuwamo waliotoka kuua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na walikuwamo watoto. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Ardhi ilikuwa mwamba wa volkano, haichimbiki choo wala kaburi. Kipindupindu, kisha kuhara damu, na katika mwezi mmoja wakafa karibu 50,000. Wataalamu waliofika kutoka Dhaka, watu walioishi na kipindupindu miaka yote, walikuta kasoro ya kusikitisha: vituo vya tiba vilikuwapo, ila wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, na wahudumu wengi hawakuwahi kuutibu ugonjwa huo. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Dawa ilijulikana, mikono ya kuitoa ndiyo iliyokuwa haijafundishwa.

Rwanda ilianza kuwaandaa washauri wa afya mwaka 1995. Mwaka uliofuata alirejea nchini Agnes Binagwaho, daktari wa watoto aliyesomea Ubelgiji na Ufaransa. Akatibu wodini, akaongoza tume ya UKIMWI, akawa katibu mkuu wa Wizara ya Afya mwaka 2008, kisha waziri kuanzia 2011 hadi 2016. Ni katika miaka hiyo washauri walipokabidhiwa rasmi amoksisilini ya nimonia, zinki na chumvichumvi za kuhara, pamoja na dawa ya malaria. Wapo madaktari sehemu nyingi ambao wangekataa katakata mkulima aguse antibiotiki. Mwaka 2009 ikaja pia chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia, Rwanda ikiwa miongoni mwa nchi maskini za kwanza kabisa kuipata.

Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 196 walikufa kabla ya kufikia miaka mitano. Utafiti wa 2019/20 ulikuta 45. Chanjo, vyandarua na mutuweli, yaani bima ya afya ya jamii, vina sehemu yake katika upungufu huo, tena kubwa.

Mshauri wa afya hana mshahara. Malipo hupitia ushirika wao, kwa kadiri ya kazi iliyofanyika. Akishampa mtoto dozi ya kwanza mbele ya mama, huandika daftarini na kuagiza aletwe tena siku ya tatu. Wasipotokea, hupanda mlima kuwafuata, kisha hurudi kwenye viazi vyake.